Mshirika wa Benchi la Nyuma

Padri alisema, "Bwana awe nanyi," akavuta pumzi ili ajijibu mwenyewe kama alivyozoea, na kabla hajafungua kinywa akajibiwa.

"Awe pia na roho yako."

Sauti ilitoka nyuma, kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango. Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mtu anayeyajua maneno kwa moyo na asiye na haja ya kujionyesha. Padri aliinua macho kutoka kwenye kitabu cha sala. Mabenchi yalikuwa matupu yote, kama jana na juzi, na mlango ulikuwa wazi kidogo, ukionyesha baiskeli ya mtu iliyoegemezwa ukutani. Akajiambia kwamba ni masikio ya uzee, akaendelea na zaburi. Zaburi ilipoisha, benchi la nyuma likasema "Amina," na hewa ikaleta harufu ya nguo mbichi, zile zinazokunjwa kabla hazijakauka.

Mtu mwingine angekiacha kitabu pale pale akatoka nduki. Padri alikuwa mzoefu. Ukiacha kubatiza, kuozesha na kuzika, kazi iliyompa jina ilikuwa kufukuza pepo, kwa idhini ya askofu wake, na walikuwapo watu waliomwamini kuliko daktari. Watoto wa mtaa walimwita Padri Toka, maana akiwa kazini neno hilo lilivuka kuta tatu. Walimwigiza wakicheza: mmoja analala chini anatapatapa, mwingine anajifunga shuka na kufoka, "Toka! Toka nasema!" Yeye mwenyewe akipita alicheka, na wao wakakimbia.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Wote walikimbia. Mwenye matatizo alimfuata hata kabla ya chai ya asubuhi, akamshika mkono, akamwita baba. Matatizo yakiisha, alimwona kwa mbali akavuka barabara. Waliamini kwamba aliyefukuzwa lazima adandie kitu, na kitu kilicho karibu ni kanzu ya padri. Arusini alipewa kiti cha heshima, na viti vya kulia na kushoto kwake navyo vikapewa heshima hiyo hiyo, havikukaliwa. Kinyozi alimnyoa harakaharaka na kuzifagia nywele zake peke yake. Akina mama walimletea watoto awabariki, ila kwa urefu wa mkono. Jumapili walikuja kanisani, kwa kuwa Jumapili watu ni wengi na pepo hawezi kuwadandia wote. Ibada ya jioni hakuja mtu.

Lakini kanisa lao lina kanuni, na Padri hakuwa mtu wa kuruka kanuni. Kasisi husali asubuhi na jioni, kila siku, kwa sauti, baada ya kugonga kengele, awe na watu au asiwe nao. Basi alisoma maneno ya kasisi, akanyamaza kidogo, akasoma maneno ya watu. Zamani maneno ya watu yalisomwa na katekista wake, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye pia alikwenda naye kwenye nyumba za wenye pepo. Kazi ile haifanywi na mtu mmoja: mmoja anaamuru, mwingine anaitikia na kufunga mlango pepo akishatoka. Katekista alikufa kwa homa ya mapafu, na kanisa likabaki na sauti moja.

Nyumbani nako kulikuwa na sauti moja. Mkewe, maana makasisi wa kanisa lao huoa, alikuwa amekwenda mji wa mbali kwa kijana wao, kumlea mjukuu. Mjukuu sasa alikuwa anakimbia na kuvunja vyombo, na bibi hajarudi. "Nimechoka kulala kwenye nyumba ambayo wageni wake siwaoni," alimwambia mumewe kwenye simu. "Siku ukiiacha kazi hiyo, nitarudi."

Akaiacha. Alimwambia askofu kwamba nyumba ya fundi cherehani mmoja, ambako alikuwa ametoka kufukuza pepo, ndiyo ya mwisho, na askofu akamshukuru. Mkewe akasema vyema, ngoja wapate mtu wa kukaa na mtoto, nitakuja. Tangu hapo Padri aliishi kwa neno hilo. Alipaka rangi chumba cha kulala, akamnunulia mto mpya. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wengine tutasema tu kwamba mto ule aliubadilishia foronya kila wiki, ingawa haukulaliwa na mtu.

Jioni ya pili sauti ilirudi, na ya tatu. Jioni ya nne Padri alifanya jambo la ajabu kidogo: akahubiri. Ibada ya jioni haina haja ya mahubiri, lakini alikuwa na kichekesho alichokitoa mimbarani mara nyingi, cha Yona kufika nyumbani ananuka, na mkewe akamuuliza, "Na samaki mwenyewe yuko wapi?" Hakikuwahi kumchekesha mtu. Washirika walidhani padri wa mapepo hatanii. Alipokitoa jioni ile, benchi la nyuma likacheka, tena palepale panapotakiwa, si mapema wala si kwa kuchelewa. Padri alishika ukingo wa mimbari. Furaha ilimpanda kifuani kabla ya woga, na hilo alilijua, na lilimwaibisha.

"Wewe ni nani?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Mshirika wako."

"Nani amekuleta hapa?"

"Wewe, Padri. Kule kwa fundi. Ulisimama mlangoni ukasema, karibuni ibada ya jioni. Wenyewe wakasema watakuja. Mimi sikusema kitu. Nimekuja."

Padri akakaa kwenye ngazi ya madhabahu. Ilikuwa kweli. Kila nyumba, kazi ikiisha, akijifuta jasho kwa leso, aliwaalika watu ibada ya jioni. Ulikuwa mwaliko wa mpweke, aliutoa hata kwa muuza mkaa. Siku za nyuma katekista alikuwa ameshaitikia na kufunga mlango kabla ya maneno hayo. Kwa fundi, katekista alikuwa ametoka kuzikwa, na Padri akafanya kazi ya watu wawili peke yake, kinyume cha kanuni. Aliamuru pepo atoke. Pepo akatoka, akasimama barazani, na pale pale barazani akasikia watu wanakaribishwa.

Alipaswa kumfukuza tena, siku ile ile. Simu ya askofu ipo, angeomba idhini tena na kasisi mwenzake wa kuitikia. Alijiambia kwamba ameahidi kuacha kazi hiyo na mkewe asije akasikia ameirudia. Alijiambia pia kwamba huyu hajamdhuru mtu, anasali tu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, alisema moyoni wakati anafunga kanisa. Wanaoipenda methali hiyo husahau kwamba hata hivyo linakula.

Basi wakazoeana. Sauti ile haikukosa hata jioni moja, na ni Mkristo gani unaweza kusema hivyo juu yake? Ilijua pa kupumua kwenye zaburi. Ubao wa kupigia magoti ulilia krii kwa wakati wake, na wakati mwingine ulidundadunda taratibu, kama pedali ya cherehani inayokanyagwa na mtu mwenye mawazo. Baada ya muda ilimfuata nyumbani. Padri aliuombea mkate na chai, na kiti cha pili kikasema "Amina." Alishtuka, akamwaga chai. Kesho yake alikivuta kiti kile kidogo nje ya meza, mtu asibanwe.

Akaanza kuisimulia mambo: magoti yake, kinyozi wake, jinsi mkewe anavyokunja nguo. Iliitikia kidogo tu, kama mtu anayesikiliza. Simu ya mkewe ikilia wakati huo, aliipokea akiwa na haraka ya kuikata. Aliacha kugonga kengele ya jioni, maana aliyekuwa anakuja hakuhitaji kuitwa. Jumapili watu walipungua; walisema mabenchi ya nyuma yana baridi na yananuka uvundo. Padri aliona mabenchi yanavyobaki wazi na hakuumia, na kutoumia huko kungemwambia jambo kama angekuwa bado anajisikiliza.

Mchana mmoja fundi cherehani akaja. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye futi ya kupimia shingoni saa zote, hata sokoni. Alisimama uani, hakutaka kuingia ndani.

"Padri, shikamoo."

"Marahaba, mama. Karibu kiti."

"Sikai. Nimekuja kukuuliza jambo, na usinione mwendawazimu." Akatazama mlango wa nyumba, akashusha sauti. "Wewe jioni unasali sala gani?"

"Kwa nini?"

"Mwanangu."

Padri alimkumbuka yule binti. Ndiye aliyekuwa na pepo: msichana mwembamba, mshonaji hodari kuliko mama yake, aliyekuwa akianguka juu ya cherehani na pedali ikaendelea kukanyagwa bila mguu. Alimwacha akiwa mzima, anacheka na kuomba maji.

"Alipona," fundi akasema. "Alikaa vizuri, sikatai. Halafu akaanza kupoteza sauti. Kwanza tulidhani mafua. Nikampeleka hospitali, wakamchungulia koo, wakasema koo zima. Sasa ni bubu, Padri. Asubuhi mpaka mchana hatoi neno, ananionyesha kwa vidole. Ila ikifika saa kumi na moja jioni, anaacha kushona, anakaa wima, anaanza kuongea." Macho yakamjaa maji. "Anasema, awe pia na roho yako. Anasema amina. Siku moja alicheka peke yake, kicheko kirefu, wakati machozi yanamtiririka. Jana kasema maneno ya samaki. Nani kamfundisha? Sisi hata kanisani kwako hatuji."

Padri akakikalia mwenyewe kile kiti alichomkaribishia.

"Na akimaliza," fundi akaendelea, "analala kama aliyebeba mawe. Amekonda, nguo alizojishonea mwenyewe zinamvuka. Nakuuliza tena, Padri, unasali na nani jioni?"

Angeweza kusema uongo. Kinywa kilikuwa bado chake. "Mlete leo," akasema. "Saa ya ibada. Na wewe utaniitikia."

Walikuja jua likiwa bado dirishani, mama amemshika binti kiunoni, wakaketi benchi la mbele. Padri alikuwa amemtafuta kasisi mwenzake kwa simu na kuambiwa yuko safarini. Akamtafuta askofu, simu haikupokewa. Hakungoja tena. Alivaa kanzu, akavaa stola, kile kitambaa cha shingoni cha kasisi, akaigonga kengele ambayo hakuigonga kwa wiki nyingi. Halafu akasimama mbele yao, akakifungua kitabu asichokuwa na haja nacho, akamtazama binti machoni.

"Bwana awe nanyi."

Midomo ya binti ikafunguka, na ile sauti aliyoipenda, sauti iliyomcheka Yona na kumsikiliza habari za magoti yake, ikatoka pale mbele yake kwenye koo la mtoto wa watu, na mishipa ya shingo yake ikasimama kama kamba.

"Awe pia na roho yako."

Fundi akajifunika uso. Harufu ya nguo mbichi ilijaa kanisani, nzito, ya kukaba, na ubao wa kupigia magoti ukaanza kudunda, si nyuma tena bali chini ya miguu ya binti, ambayo ilikuwa imetulia haigusi ubao. Padri aliinua mkono. Aliamuru kwa jina linaloamuriwa nalo. Fundi, akilia, akaitikia "Amina," na kinywa cha binti nacho kikaitikia "Amina" pamoja naye, kwa unyenyekevu, kama mshirika mwema anayesikia sala nzuri. Padri akaamuru tena kwa nguvu. "Amina." Akaamuru mara nyingine mpaka sauti yake ikapasuka na jasho likamwingia machoni, na kila alipotua, Amina ile ilikuja, tulivu, imejaa imani, mpaka akahisi anampiga ngumi mtu anayempigia magoti.

"Mwache huyu mtoto!"

"Uliniita kwenye ibada, Padri. Ibada inaitikiwa. Mimi sina kinywa. Nimeazima nilichokizoea."

"Toka. Nenda pasipo na mtu."

Kinywa cha binti kikatabasamu kwa huzuni. "Huko ndiko nilikokwenda. Ndiko nilikokukuta."

Padri aliushusha mkono. Katika miaka yote ya kazi ile alikuwa ametukanwa, ametemewa mate, ametajiwa dhambi za baba yake, na hakuna lililomgusa. Hili lilimwingia hadi ndani, kwa sababu halikuwa tusi. Nje jua lilikuwa linaondoka dirishani, mabenchi yanageuka meusi moja baada ya jingine kutoka nyuma kuja mbele, na fundi alikuwa anamtikisa mwanawe na kunong'ona, "Padri fanya upesi, hapumui vizuri, Padri, midomo yake, tazama midomo yake," na midomo ya binti ilikuwa imekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi, na bado ilikuwa inacheza, inajiitikia yenyewe amina kwa sala ambazo hakuna aliyeziomba.

Marehemu katekista alikuwa na neno moja alilolirudia: pepo haongeleshwi, anaamrishwa. Padri alilikumbuka vizuri, na akaongea.

"Ukipata kinywa kingine, utamwacha?"

"Nitamwacha, sitamgusa tena. Sisi tukiahidi tumeahidi."

"Chukua changu."

"Padri!" fundi akasema.

"Mama, nyamaza. Chukua changu, mwache mtoto."

Huenda alifanya hivyo kwa ajili ya binti. Hivyo ndivyo fundi alivyowasimulia watu, na alisimulia akilia. Padri mwenyewe hakuwa na uhakika. Wakati anatamka maneno yale aliwaza jioni inayofuata, kusema Bwana awe nanyi na kusikia kimya, na aliogopa kimya kile kuliko alivyoogopa kilichokuwa mbele yake.

Kitu baridi kilimgusa meno, kama maji ya kisima. Kisha basi. Binti akakohoa, akashika koo, akasema kwa sauti nyembamba ya mtu aliyelala muda mrefu, "Mama, nina kiu."

Fundi alimkumbatia, akamshukuru Padri, akamshukuru Mungu, akamshukuru Padri tena, lakini kwa mbali. Alimwinua mwanawe wakatoka bila kugeuka nyuma. Hilo Padri alilitegemea, wala hakumlaumu.

Siku iliyofuata aliamka akajaribu kinywa chake. Akasema jina lake, akasema jina la mkewe, akaimba ubeti wa wimbo. Kila kitu kilikuwa sawa. Akasali sala ya asubuhi bila taabu. Jioni alisimama kanisani, na kabla hajaamua kusema chochote taya zake zikafunguka, ulimi ukajiinua, na sauti yake mwenyewe, iliyokuwa laini na changa kuliko alivyoizoea, ikasema, "Bwana awe nanyi." Ikangoja. Benchi la nyuma lilikuwa kimya. Ikasema tena, ikangoja tena, na alihisi ile baridi inatembea kwenye fizi zake kama mtu anayezungukazunguka chumbani.

"Kinywa kimoja," kinywa chake kikasema, "hakitoshi ibada. Nani ataitikia?"

Hakikusema kingine mpaka saa ya ibada ilipopita. Padri alirudi nyumbani akakaa mezani na kiti cha pili kikiwa kimevutwa, na kwa mara ya kwanza kiti kile kilikuwa kiti kitupu. Asubuhi simu ikalia.

"Baba, habari za huko," mkewe akasema. Alikuwa anahema kwa furaha, na nyuma yake kulikuwa na honi na makelele ya stendi. "Wamepata mtu wa kukaa na mtoto. Nimeshapanda basi. Jioni niko hapo."

Neno hilo alilingoja kwa muda mrefu kiasi kwamba mwili wake uliinuka wenyewe kutoka kitini. Kisha akaelewa.

"Usije," akasema.

"Nini?"

"Mama, nakuomba. Shuka kwenye hilo basi. Hapa si pazuri."

"Ni mwanamke?"

"Si mwanamke."

"Basi kama si mwanamke, nakuja."

"Kuna kitu, mama. Nilikosea kwenye kazi. Kimebaki."

"Uliniambia umeacha." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Miezi yote hii unanijibu kwa mkato, unaniwahisha nikate simu. Leo nimeshapanda basi ndipo unaniletea habari za pepo. Nisikilize, baba. Nitakuja mpaka mlangoni. Ufunguo ninao, lakini siingii kwenye nyumba nisiyokaribishwa. Nitapiga hodi tatu. Ukinyamaza nitajua umenichoka, nitageuka na basi la kurudi, na sitakuuliza maisha yangu yote."

Alikata. Padri alipiga, akapiga tena, simu ilikuwa imezimwa. Alimjua mkewe, akikasirika huzima simu na kulala safari nzima. Alikaa akiitazama simu, na pole pole akaona kwamba mkewe mwenyewe amempa njia. Kunyamaza tu. Hodi tatu zisizojibiwa, na mwanamke yule atarudi alikotoka akiwa na uchungu na akiwa mzima. Angempoteza, lakini angempoteza akiwa salama.

Aliwaza kuondoka nyumbani kabisa, amkimbie. Hilo lingekuwa bora, na alilijua. Alivaa hata viatu. Lakini alitaka kumsikia. Tangu mkewe aondoke alikuwa ameisikia sauti yake kwenye simu tu, na alijidanganya kwamba kuisikia mara tatu nyuma ya mlango, halafu hatua zinazoondoka, si kitu kikubwa kwa mtu aliyetoa vyote. Akavua viatu.

Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, mbele ya mlango. Alichukua taulo akaliuma, akalifunga kisogoni kwa fundo, juu yake akaweka viganja vyote viwili. Jua lilishuka. Mtaani watoto walikuwa wanacheza, mmoja anaamuru na mwingine anatapatapa, kisha mama zao wakawaita. Baridi ikamgusa meno. Akabana taya. Nje sanduku likatuliwa chini, na mtu akajikohoza kama wanavyofanya watu waliotoka safari ndefu, na moyo wa Padri ukaruka kama wa kijana.

"Hodi," mkewe akasema.

Taulo lilisogea. Padri alikandamiza, akaona nyota.

Nje kukawa na kimya cha mtu anayengoja na kusikiliza. "Hodi, baba."

Ndani ya kinywa chake ulimi ulikuwa unazunguka polepole, bila haraka, unalisukuma taulo kidogo kidogo kama mtu anayesogeza pazia, na alibana kwa viganja, alibana kwa magoti, akayabana meno mpaka moja likavunjika na akasikia ladha ya damu, na machozi yakamshuka kwa sababu sauti ya mke wake ilikuwa karibu, karibu kiasi cha mbao mbili, nayo ilikuwa imechoka, na ilikuwa inakaribia kulia, na ilikuwa imebaki hodi moja tu, moja tu na atakuwa salama.

"Hodi," mkewe akasema kwa mara ya mwisho, kwa sauti ya chini, kana kwamba hakutaka majirani wasikie.

Padri alihesabu pumzi yake. Alisikia sanduku linainuliwa. Alisikia hatua ya kwanza ya kuondoka.

Na katikati ya vidole vyake, kupitia taulo, bila kukwama popote, ikatoka sauti yake ya zamani, ile aliyomposea, iliyojaa upendo wote aliokuwa nao.

"Karibu, mama. Ingia. Nilikuwa peke yangu."

Mkewe akacheka nje, kicheko cha mtu aliyetua mzigo, akaanza kuutafuta ufunguo kwenye mkoba.